Je, wajua? Mabua makavu hayaibi rutuba ukiyaacha juu ya udongo

Watunza bustani wengi wamelisikia onyo hili: usitandaze mabua ya ngano wala ya mpunga kwenye matuta, yatanyonya naitrojeni na mimea itageuka njano. Basi mabua yaliyobaki baada ya kupura huchomwa moto, au hurundikwa pembeni kama takataka. Onyo lenyewe si uzushi. Kasoro yake ni kwamba linahusu mabua yaliyofukiwa, si yaliyotandazwa juu, na watu wameyachanganya mawili haya kwa muda mrefu sana.

Tuanze na ukweli uliomo. Mabua ya ngano yana takribani sehemu 80 za kaboni kwa kila sehemu 1 ya naitrojeni. Bakteria na kuvu wanaoyaozesha hufanya kazi vizuri kwenye chakula chenye sehemu zipatazo 24 kwa 1. Mwili wa bakteria wenyewe una kama 8 kwa 1, lakini sehemu kubwa ya kaboni wanayokula huichoma ili wapate nguvu, nayo hutoka kama hewa ukaa.

Wafikirie kama waashi walioshushiwa matofali 80 pamoja na mfuko mmoja wa saruji, na kazi hiyo inataka mifuko mitatu na ushee. Matofali ni kaboni, saruji ni naitrojeni. Waashi hawa hawasubiri. Huchota saruji iliyo karibu, yaani naitrojeni iliyoyeyuka katika maji ya udongo, ile ile ambayo mizizi ilikuwa ikiitegemea, na kwa kawaida huiwahi kabla ya mizizi. Ukichanganya mabua na udongo kwa jembe, umewaweka waashi katikati ya ghala: kila kipande kimezungukwa na saruji pande zote. Ukiyaacha juu, mlango wa ghala ni ule utando mwembamba tu ambapo mabua yanagusana na ardhi. Yaliyo juu zaidi yamezungukwa na hewa, tena hukauka upesi, na penye ukavu ujenzi husimama. Mzizi wa nyanya ulio sentimita 15 chini hauna habari.

Si kwamba hakuna kinachovuka kabisa. Kuvu wana nyuzi ndefu zinazoweza kupandisha naitrojeni kiasi kutoka kwenye udongo hadi kwenye mabua, na mche mchanga wenye mizizi ya juujuu unaweza kuuhisi upungufu huo. Samadi kidogo chini ya matandazo humaliza tatizo. Mabua yaliyotoka mabandani huja na mkojo wa mifugo, kwa hiyo deni lake la naitrojeni ni dogo tangu mwanzo.

Hata yakifukiwa, naitrojeni haijaenda popote. Bakteria huliwa na protozoa (viumbe vya seli moja) na minyoo midogo isiyoonekana kwa macho. Hawa hujikuta na naitrojeni nyingi kuliko wanavyohitaji, hivyo huitoa na mizizi huipata. Huchukua wiki hadi miezi, kutegemea joto na unyevu. Kwa hiyo anayetaka kufukia afukie baada ya mavuno, si siku moja kabla ya kupanda.

Jambo la kushangaza zaidi halizungumzwi sana: potasiamu. Katika mabua, madini haya hayakujengwa ndani ya nyuzi ngumu, huelea tu kwenye utomvu. Bua likikauka, mvua huyasuuza na kuyashusha ardhini. Yaani mabua huanza kulisha udongo kabla hata ya kuoza.

Faida nyingine ni zile zinazojulikana: unyevu haupotei haraka, matone ya mvua hayapigi udongo ukaganda, magugu hukosa mwanga. Unene wa sentimita 7 hadi 10 unatosha, ukiacha nafasi kuzunguka shina. Mabua ya mpunga yana silika nyingi (madini magumu kama ya mchanga) na huoza polepole, jambo zuri kwa matandazo. Konokono, panya na mchwa nao watayapenda, hilo halikwepeki.

Kinachostahili hofu ni dawa za magugu. Baadhi yake, kama aminopiralidi na klopiralidi, haziui nafaka lakini hubaki ndani ya mabua kwa miezi mingi, hata baada ya kupita tumboni mwa ng'ombe, na huharibu maharage, nyanya na viazi. Kama hujui mabua yametoka shamba gani, yakatekate, changanya na udongo kwenye makopo machache, acha mengine bila mabua, kisha panda maharage katika yote na usubiri wiki tatu hivi. Unjano usikutishe, hiyo ni naitrojeni iliyoazimwa. Tazama majani machanga: yakijikunja na kusokoteka kwenye makopo yenye mabua lakini si kwenye yale mengine, mzigo huo usiuingize bustanini wala kwenye shimo la mboji.