Kisu kizuri hakiharibiwi na rafu ya supamaketi

Wapo wanaoamini kisu cha kukunja cha jina kubwa kikishauzwa kwenye supamaketi za bei nafuu basi kimechakachuliwa. Sivyo. Kule Marekani, Buck 110, kisu cha kukunja cha kampuni ya Buck, huuzwa kwenye supamaketi za Walmart, na bapa lake ni la 420HC, aina ya chuma kisichoshika kutu kirahisi, kilekile ambacho Buck hutumia kwenye visu vyake vingi. Bei hushuka kwa kuwa duka hununua mzigo mkubwa kwa mkupuo. Makali hutokana na chuma na namna kilivyopashwa moto na kupozwa. Chunguza zaidi nani anakiunda sasa: kiwanda cha visu cha Schrade, pia cha Marekani, kilifungwa 2004, jina likauzwa, na visu vyenye nembo ileile vikaanza kutoka China.