Kwa nini wanawake wa Uingereza walijichora mstari nyuma ya mguu?

Je, wajua kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kuna wanawake wa Uingereza waliopaka miguu rangi ya kukolezea mchuzi kabla ya kutoka nyumbani? Ile ile ya jikoni, ya kahawia. Ikishakauka, mmoja alisimama wima huku dada yake amechuchumaa nyuma na wanja wa nyusi, akivuta mstari mwembamba kupanda juu kutoka kisigino. Mkono ukiteleza, kazi inaanza upya.

Mstari ule uliigiza mshono. Soksi ndefu za siku hizo zilifumwa zikiwa bapa, kisha zikaunganishwa kwa mshono nyuma ya mguu, na kwa wengi mwanamke aliyetoka bila soksi alionekana hajamaliza kuvaa. Ila hariri ilitakiwa kwa parachuti. Nailoni nayo, ambayo soksi zake zilienea madukani Marekani mwaka 1940 tu, ikachukuliwa na jeshi.

Kitambaa chenyewe kilikuwa haba. Viwanda vilishughulika na sare, na nyambizi za Ujerumani zilikuwa zikizamisha meli za mizigo. Basi tarehe 1 Juni 1941 ukaanza mgawo wa nguo, kuponi 66 kwa mtu kwa mwaka. Gauni la sufu lilikula kuponi 11, viatu vya kike 5, soksi 2. Na fedha ulitoa vilevile. Kuponi ilikuwa ruhusa ya kununua, si malipo.

Mwaka 1942 serikali ikaingia hadi kwenye mshono: vifungo, mifuko na marinda vikawekewa kikomo, urembo wa ziada ukapigwa marufuku. Ndiyo maana picha za miaka ile zinaonyesha sketi nyembamba zinazoishia karibu na goti. Wabunifu wakubwa, akiwemo Norman Hartnell aliyemvalisha malkia, walitakiwa kubuni nguo za bei nafuu ndani ya masharti hayo, na kwa maoni yangu zilipendeza kweli.

Lakini sifa kubwa nawapa mafundi wa majumbani. Suti ya mume aliyekwenda vitani ilifumuliwa, ikakatwa upya ikawa koti na sketi ya mke. Blanketi likawa koti. Sweta kuukuu ilifumuliwa uzi ukafumwa tena. Aliyebahatika kupata kitambaa cha parachuti alishona nguo za ndani, hata gauni la harusi.

Viwandani wanawake walivaa suruali, na vilemba ili nywele zisinaswe na mashine.

Vita viliisha 1945, mgawo haukuisha. Binti mfalme Elizabeth alipoolewa Novemba 1947, wananchi walimtumia kuponi zao za gauni. Zikarudishwa, maana sheria haikuruhusu kumpa mwingine. Mgawo wa nguo uliondolewa Machi 1949.