Chumvi inavyokaza na kulegeza vinasaba

Mtu akisikia kwamba chumvi inaweza kuibandua DNA, molekuli ndefu inayobeba vinasaba, kutoka kwenye protini zinazoishikilia, huuliza kwanza kama papa ng'onda aliyemnunua Kariakoo amemharibia vinasaba. Hapana. Figo zenye afya huibana sodiamu ya damu ibaki kati ya milimola 135 na 145 kwa lita (milimola ni sehemu ya elfu ya mola, kipimo cha wingi wa chembe). Ndani ya seli sodiamu ni kidogo zaidi. Huko ioni, yaani chembe yenye chaji ya umeme, iliyojaa ni potasiamu. Ubaya wa chumvi ya mezani uko kwenye shinikizo la damu, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri tusizidishe gramu 5 kwa siku. Tunachokieleza hapa ni kingine: kazi ya ioni za chumvi katika kukunja na kukunjua DNA.

DNA ya seli moja ya binadamu ikinyooshwa hufika kama mita 2, na kiini kinachoibeba hakionekani kwa macho. Mwaka 1974 Roger Kornberg alipendekeza jinsi inavyofungwa, na mwaka huohuo Ada na Donald Olins walichapisha picha za hadubini ya elektroni zilizoonyesha kitu kama shanga kwenye uzi. Kila ushanga, yaani nukleosomu, ni protini nane za histoni zilizozungushiwa jozi 147 za besi (herufi za DNA), mizunguko isiyotimia miwili. Mchanganyiko mzima wa DNA na protini zake ndio kromatini.

Kinachoushikilia ushanga huo kwa sehemu kubwa ni chaji. Fosfati, sehemu za uti wa mgongo wa DNA, zina chaji hasi, histoni zina chaji chanya kwa wingi, basi zinavutana. Ila histoni hutosha kufuta takriban nusu tu ya chaji ya DNA. Nusu inayobaki huzifanya nukleosomu zisukumane, na hapo ndipo ioni zinapoingia kati.

Kromatini ikitolewa kwenye seli na kuwekwa kwenye maji yenye chumvi kidogo mno, uzi hukaa wazi. Ongeza chumvi, ioni chanya huizonga DNA, msukumano hupungua na kromatini hujikunja. Magnesiamu, kwa kuwa ina chaji mbili, inaishinda sodiamu kwa mbali: milimola moja hivi hufanya kazi ambayo sodiamu huhitaji kukaribia mia. Mwaka 1976 John Finch na Aaron Klug, huko Cambridge, walionyesha kwamba magnesiamu kidogo tu hukunja kromatini kuwa uzi mnene wa nanomita 30 hivi. Ikizidi kufika milimola kadhaa, nyuzi hushikana zenyewe kwa zenyewe na kutuama chini ya kichupa. Vitabu vingi vya shule bado vinachora uzi huo wa nanomita 30 kana kwamba kila seli inao. Mimi ningeupunguzia uzito, maana katika seli nyingi zilizochunguzwa zikiwa nzima haukuonekana. Kromatini imejikunja bila mpangilio wa namna hiyo.

Ukiendelea kumimina chumvi ya kawaida, mambo hugeuka. Ioni sasa zinagombea nafasi na histoni zenyewe. Kwenye mola 0.6 hivi kwa lita, chumvi inayokaribiana na ile ya maji ya bahari pale Kunduchi, histoni H1 inayokaa nje ya ushanga huachia. Baadaye hutoka histoni za ushanga wenyewe: H2A na H2B, kisha H3 na H4. Kwenye mola 2, sawa na gramu 117 kwa lita, DNA imebaki tupu. Haijakatika popote. Punguza chumvi polepole, na histoni hurudi zenyewe kwa kufuata mpangilio uleule kinyumenyume. Maabara hutengeneza nukleosomu kwa njia hii.

Sehemu ndogo ya kemia hii unaweza kuiona jikoni. Ponda ndizi mbivu kwenye maji yenye chumvi na sabuni ya vyombo, chuja kwa kitambaa, kisha mimina taratibu spiriti baridi sana ubavuni mwa glasi. Fanya mbali na moto. Nyuzi nyeupe zitajitokeza pale vimiminika vinapokutana. Sabuni imepasua utando wa seli. Sodiamu imefunika chaji za fosfati ili DNA iache kusukumana na ishikane ndani ya spiriti. Usidhani umepata DNA safi, kwani pektini ya ndizi, ile inayogandisha jemu, nayo imo humo.

Je, seli hai hutumia ujanja huu wa kukunja DNA kwa ioni? Magnesiamu yake nyingi imeshikwa na ATP, molekuli inayobeba nishati. Mwaka 2018 Kazuhiro Maeshima na wenzake nchini Japani waliripoti kwamba seli inapogawanyika, ATP hupungua na magnesiamu huru huongezeka kwa muda, jambo linalosaidia kromosomu kukazana. Haifanyi kazi hiyo peke yake: protini za kondensini nazo hukunja DNA wakati huohuo.