Mzio si kila kinachochoma mdomo

Aleji ya nanasi. Aleji ya mbilimbi. Aleji ya urojo. Siku hizi Unguja mtu akitoka malengelenge mdomoni baada ya kula, jibu liko tayari, na chakula cha watu kinapigwa marufuku nyumbani.

Mzio, yaani aleji, ni kinga ya mwili kukishambulia kitu ambacho watu wengi hakiwadhuru. Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa Vienna aliyeanzisha istilahi ya aleji mwaka 1906, alikusudia mwili uliobadilika namna unavyokipokea kitu. Ukali wa kitu chenyewe ni habari nyingine kabisa, na hapo ndipo tunapochanganya.

Nanasi lina bromelaini, kimeng'enya kinachovunja protini, na ngozi laini ya ulimi ina protini. Mbilimbi na ukwaju vina tindikali. Chokaa ya tambuu huunguza. Urojo ulioepuliwa sasa hivi unaweza kuinua lengelenge kwenye kaakaa, hata la damu. Ukizidisha, mdomo wa mtu yeyote utachubuka.

Vile vidonda vyeupe vyenye ukingo mwekundu, vinavyorudi kila baada ya muda ndani ya shavu, ni aftha. Pilipili huvitonesha tu. Huandamana na kujing'ata, mawazo mengi, au upungufu wa madini ya chuma na vitamini B12, na vingi hupona kwa wiki 1 hadi 2. Malengelenge yaliyojikusanya ukingoni mwa midomo mara nyingi ni virusi vya hepesi, navyo huambukiza, kikombe kisizunguke.

Mzio wa kweli upo, na embe ndilo mfano mzuri. Utomvu wa ganda lake una kemikali za jamii moja na zile za ganda la korosho, maana mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja. Anayelimenya kwa meno anaweza kutoka malengelenge siku moja au mbili baadaye, akamlaumu pweza wa jana. Wengi wao wakimenyewa kwa kisu, nyama ya embe hula bila tabu.

Midomo ikivimba papo hapo na pumzi ikabana, kimbilia hospitali. Kidonda kikipita wiki 3, kaonane na daktari. Lakini ndugu yangu, ukila nanasi zima ulimi ukawaka, sema nanasi limekuchoma.