L4 ni gia gani, na inatiwa na kutolewa vipi?

Pikapu za zamani zinazoweza kusukuma tairi zote nne zina mikono miwili ya gia. Ule mrefu kila dereva anaujua. Wa pili ni mfupi, uko pembeni yake, na kichwani umeandikwa H2, H4, N na L4. Kwenye gari nyingi zilizokwisha sota na kazi za shamba hapa Pemba maandishi hayo yamefutika kwa jasho la viganja, na dereva anatia kwa mazoea. Gari za karibuni zimeuondoa mkono huo zikaweka kitufe cha kuzungusha kwenye dashibodi. Kazi ni ile ile.

H2 haina siri: tairi za nyuma peke yake ndizo zinazosukuma. H4 ni tairi zote nne, kwa mwendo wa kawaida. L4 ndiyo inayoleta maneno. Wengi huieleza kuwa ni "H4 yenye nguvu zaidi", na ndiyo maana wanaikumbuka gari ikishazama tope hadi kwenye difu, lile tufe la chuma la katikati ya ekseli. Mimi ningeanzia upande mwengine: L4 ni gia ya kwenda taratibu kupita kiasi. Mwendo ndio bei, nguvu ndiyo bidhaa.

Nyuma ya giaboksi kuna kisanduku chengine cha chuma, mafundi wanakiita transfa. Kinapokea mzunguko kutoka kwenye giaboksi na kuugawa: propela moja, yaani mhimili mrefu wa chuma unaozunguka, inakwenda difu ya nyuma, nyengine difu ya mbele. Ndani yake mna pia meno ya kupunguza mzunguko kabla haujagawiwa. Ukiwa kwenye H mzunguko unapita moja kwa moja. Ukitia L unalazimika kupitia kwenye meno hayo, na hapo injini inakwenda mbio ile ile huku propela zikienda polepole. Kwenye Toyota Hilux ya kizazi cha Vigo upunguzaji huo ni wa mara 2.566, kwenye Suzuki Jimny mpya ni mara 2 tu hivi.

Tuchukue gari ya mfano. Gia ya kwanza inapunguza mzunguko wa injini mara 4, difu inapunguza tena mara 4, kwa hiyo injini inazunguka mara 16 ili tairi izunguke mara moja. Injini ikiwa kwenye mizunguko 1,000 kwa dakika, tairi yenye mzingo wa mita 2.4 inakupeleka kama kilomita 9 kwa saa. Sasa tia L inayopunguza mara 2.5. Injini inazunguka mara 40 kwa tairi mara moja, na mwendo unashuka mpaka kilomita 3 na nusu hivi. Bibi aliyebeba kikapu cha muhogo kichwani anakupita. Lakini nguvu ya kuzungusha inayofika kwenye tairi imeongezeka kwa kiasi hicho hicho cha mara 2.5, ukiacha kidogo kinachopotea kwenye msuguano, na injini yenyewe haikuongezewa kitu.

Mabaharia wanaijua hesabu hii bila ya kuiandika. Foromali ya jahazi, ule mti unaobeba tanga, ni nzito, watu hawawezi kuinyanyua mikono mitupu. Lakini wakiipandisha kwa jarari, kamba iliyopita mara kadhaa kwenye kapi, wanavuta kamba ndefu, foromali inapanda kidogo kidogo, na inafika juu. Transfa ni kapi ya meno.

Pemba haina milima ya kutisha. Sehemu yake ya juu kabisa haifiki mita 150 kutoka usawa wa bahari. Lakini kisiwa ni vilima na mabonde, mpunga chini na mikarafuu juu, na njia ya shamba haikizunguki kilima kama barabara kubwa. Inapanda wima. Masika yakiingia, au msimu wa karafuu ukigongana na mvua za vuli, ule udongo mwekundu unakuwa sabuni. Hapo ndipo dereva wa H2 anapochukua kasi tokea mbali akitumaini kufika juu kabla kasi haijaisha. Akishindwa katikati, anarudi kinyumenyume na magunia nyuma yake na mgomba mbele ya macho yake. Wa L4 anapanda kwa mwendo wa mtu mzima, anaona kila mzizi na kila shimo, na akitaka kusimama katikati ya kilima anasimama, kisha anaondoka tena.

Watu wanafikiria kupanda. Mimi naogopa kushuka. Gari imebeba shehena, unakanyaga breki kwenye utelezi, tairi zinasimama lakini gari haisimami. Inateleza kama gogo. Usukani nao hausikii tena, kwa sababu tairi isiyozunguka haishiki njia. Ukishuka kwa L4 gia ya kwanza, ukatoa mguu kwenye mafuta na kwenye klachi, injini yenyewe inazizuia tairi zote nne huku zikiendelea kuzunguka. Breki unaigusa tu, pengine usiiguse kabisa. Kosa la hapa ni mguu wa kushoto: ukikanyaga klachi katikati ya mteremko umeikata injini na tairi, na gari inajiendea.

Kuitia basi. Mahali pake ni chini, pa tambarare, kabla ya kilima, wala usingojee mpaka tairi zianze kuchimba. Simama. Vitabu vya baadhi ya gari vinaruhusu gari iwe inajikokota kidogo, lakini kwa mkono wa kizamani mimi husimama kabisa. Kanyaga klachi mpaka chini. Gari ya otomatiki itie N. Kisha uvute mkono mdogo kutoka H4, upite N, uingie L4, kwa mvuto mmoja ulioshiba. Usiuache N njiani. N ya transfa ni jambo jengine kabisa na N ya giaboksi: hapo propela zote mbili hazina uhusiano na giaboksi, na gari inaweza kubingirika hata kama umeiacha kwenye gia ya kwanza au kwenye P. Aliyeegesha mlimani akasahau mkono kwenye N ya transfa hana kinachomshikia gari ila hendibreki, na hendibreki za pikapu zetu tunazijua.

Ukigoma kuingia usiupige teke. Mara nyingi jino limekutana na jino, ncha kwa ncha. Weka gia nyutro, achia klachi kidogo, ikanyage tena, ujaribu. Au iache gari isogee kiasi cha shibiri moja. Zenye kitufe zina taa inayowaka na kuzima wakati meno yanatafutana. Ngoja itulie ndipo uondoe gari. Wenye haraka hukanyaga mafuta taa ikiwa bado inamweka, na ndio wanaosikia ule mlio wa chuma kusaga chuma.

Kutoa ni kazi ile ile kwa kurudi nyuma: simama, klachi chini, L4 kwenda H4, halafu H2. Kwa maandishi ni mstari mmoja. Mimi ilinichukua robo saa.

Nilikuwa nimetoka shamba na magunia ya karafuu, L4 tokea bondeni, nikafika pa kuingilia barabara ya lami iendayo Chake. Nikakata kona kali nikiwa bado kwenye L4. Gari ikawa inadunda kama punda anayekataa mzigo, usukani umekuwa mzito, chini kunalia ta, ta, ta. Nikasimama, nikauvuta mkono mdogo. Haukutikisika. Nikauvuta kwa mikono miwili, mguu nimeukaza kwenye dashibodi. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa barazani akaja mpaka dirishani, taratibu, kama hana habari na foleni iliyokuwa ikijikusanya nyuma yangu.

"Mwanangu, utauvunja. Irudishe nyuma kama ulivyokuja."

"Nyuma kuna gari, ami."

"Watasogea. Irudishe."

Nikarudi nyuma kama mita tatu, usukani nikiufuata ule mkunjo niliokuja nao, halafu nikaunyoosha. Mkono ukatoka kwa vidole viwili.

Sababu yake ni hii. Gari ikikata kona, tairi za mbele zinapita njia ndefu kuliko za nyuma. Kwa hivyo propela ya mbele inataka kuzunguka zaidi. Lakini kwenye pikapu ya kawaida H4 na L4 zimezifunga propela mbili hizo zizunguke sawasawa. Kwenye tope au mchanga tairi moja inateleza kidogo na ugomvi unakwisha. Kwenye lami kavu hakuna kinachoteleza, kwa hivyo msokoto unabaki ndani: kwenye propela, kwenye difu, kwenye meno ya transfa, yamebanana hata mkono wako hauwezi kuyatenganisha. Ukirudi nyuma msokoto unajifungua. Dereva akizoea kwenda na lami hivyo, kinachovunjika hakina bei ya robo saa. Gari kama Toyota Land Cruiser Prado zinasukuma tairi nne wakati wote na zina difu ya tatu katikati, inayoziachia propela mbili zitofautiane mzunguko, kwa hivyo lami haiziumizi, mradi difu hiyo haikufungwa.

Ufukweni mambo yanageuka. Maji yakishakupwa, mchanga wa chini uliolowa ni mgumu na H4 inatosha. Mchanga mkavu wa juu unapenda gari iliyo nyepesi ya tairi na yenye mwendo usiokatika: punguza upepo kwenye tairi, uende. L4 gia ya kwanza pale inaleta nguvu nyingi mno, tairi zinachimba na kujizika zenyewe. Nikilazimika kuitumia, kwa mfano kuivuta boti kwenye trela, naondokea gia ya pili. Na siku za bamvua siichezei saa. Bahari inarudi mbio, na gari iliyozama mchanga haijui kuogelea.

Limebaki la habu. Pikapu za zamani nyingi zina visahani katikati ya tairi za mbele, vimeandikwa LOCK na FREE, na vinazungushwa kwa mkono. Vikiwa FREE, ukitia L4 propela ya mbele inazunguka bure na tairi za mbele hazipati kitu. Mzigo wote, ule ulioongezwa mara mbili na nusu, unaangukia ekseli ya nyuma peke yake, na hiyo haikutengenezwa kuubeba peke yake. Nimewahi kushuka kwenye tope mpaka vifundoni kwenda kuvizungusha, kwa kuwa nilisahau kuviweka LOCK nyumbani penye saruji.

Na si kila gari yenye kibandiko cha 4WD mlangoni ina L. Toyota RAV4, ambazo zimejaa barabarani, hata zile zinazosukuma tairi nne hazina meno ya kupunguza. Kwa mvua ya mjini zinafaa, kwa kilima cha mikarafuu zitakuaibisha. Ukienda kununua, tafuta herufi L kwenye mkono mdogo au kwenye kitufe, kisha umwambie mwenye gari aitie na kuitoa mbele ya macho yako, habu zikiwa LOCK, gari ikiwa juu ya mchanga au majani. Ile iliyokaa miaka bila ya kuguswa mara nyingi imeshikana, na muuzaji atakwambia haina haja ya kuijaribu.