Sarafu ya nikeli ambayo kwa kweli ni ya shaba

Sarafu ya senti tano ya Marekani huitwa "nickel", na kwa jina hilo wengi huamini imetengenezwa kwa nikeli tupu. Sivyo. Tangu ilipoanza mwaka 1866, ukiacha miaka michache ya vita, mchanganyiko wake umekuwa asilimia 75 shaba na 25 nikeli. Ina uzito wa gramu 5, kwa hiyo nikeli yenyewe ni gramu moja na robo tu. Ila asilimia hizo 25 zina nguvu: zinaufuta kabisa wekundu wa shaba, na macho yanadanganyika.

Kuanzia mwishoni mwa 1942 hadi 1945, nikeli ikihitajika vitani, sarafu hizo zilitengenezwa kwa shaba, fedha na manganizi. Nikeli hata chembe, lakini jina halikubadilika!

Ukitaka kuhakikisha, chukua sumaku. Senti tano ya Kanada ya miaka ya 1960, ambayo kweli ni nikeli karibu tupu, itarukia na kunata. Ya Marekani utaisogezea sumaku mpaka uchoke, imelala tu mezani, maana shaba nyingi huiondolea nikeli tabia ya kuvutwa.