Volontia wa afya kaapishwa, mbona hatibu?

Kila kundi jipya likishaapishwa, haupiti muda simu zinaanza kuingia. Mara mwenyekiti wa kijiji, mara mjumbe wa kamati ya zahanati, na salamu zikiisha linakuja lenyewe: "Mwalimu, huyu daktari mliyetuletea mbona hatibu watu?" Mimi ni mkufunzi wa Kiswahili na mila kwa wanaojitolea kupitia Peace Corps, shirika la serikali ya Marekani. Nimelijibu swali hili hadi nimeona afadhali niliandike.

Si daktari. Wengi wamemaliza chuo kikuu juzijuzi, huyu kasoma biolojia, yule sosholojia. Hata akitokea muuguzi kati yao, mpango huu haumruhusu kumgusa mgonjwa. Kundi la kwanza kuja Tanganyika, mwaka 1961, lilifunzwa El Paso, Texas, nalo lilikuwa la wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia. Hakuna aliyewadai sindano.

Siku hizi mafunzo hufanyika hapahapa nchini, kama miezi mitatu. Mwanafunzi anakaa na familia, anachota maji, anakosea salamu mbele ya bibi na kurekebishwa papo hapo. Darasani ni Kiswahili, malaria, lishe, VVU, vyoo na kunawa mikono. Mtihani wa lugha ni mazungumzo, hauandikwi. Akifaulu anaapa kuitetea katiba ya Marekani, kiapo kilekile cha watumishi wa serikali yao (habari za wagonjwa hamna humo), kisha anapelekwa kijijini kwa miaka miwili.

Sasa kazi yake ni ipi? Chukua Iringa na Njombe. Huko mahindi, viazi na maharage vinastawi hadi vinauzwa mijini. Lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto wenye udumavu, yaani wafupi kuliko umri wao kwa kukosa lishe bora, ni kama asilimia 57 Iringa na 50 Njombe, wakati kwa nchi nzima ni 30. Mtoto analala ameshiba, ila ameshiba uji mtupu. Mayai yameuzwa, maharage yanasubiri bei, na mama yuko shambani tangu alfajiri, kamwacha mdogo na dada yake mwenye miaka saba. Hilo halina sindano. Linataka mtu wa kukaa jikoni na akina mama, kuona nani anapika, nani anashika hela ya mayai, halafu wajaribu pamoja kuponda maharage na mboga kwenye uji wa mtoto. Tena baba awepo, maana akina mama peke yao wakifundishwa lishe, hela ya mayai inabaki mfuko uleule.

Ndiyo maana miezi mitatu ya mwanzo volontia haanzishi mradi. Anasaini kitabu cha wageni kwa mtendaji, anazunguka vitongoji, siku ya kliniki anakaa karibu na mzani. Watu wanamwona mvivu. Mimi nasema hiyo ndiyo kazi, na anayekimbilia kuandika mradi wiki ya pili namhofia zaidi kuliko anayeonekana anazurura.

Kuna jambo ambalo darasa letu halilimalizi. Kwa miaka kadhaa tulifundishia Muheza, mkoani Tanga, Kiswahili cha kule kikamwingia mtu vizuri. Anafika Njombe, akina mama kwenye foleni wanaongea Kibena! Akijifunza "kamwene" wanacheka na kumpenda, lakini habari ya mtoto aliyeharisha usiku haiishii kwenye salamu.

Kwa hiyo viongozi wangu, mkiombwa mtu wa kufanya naye kazi, msitoe yule anayejua Kiingereza kuliko wote. Mara nyingi huyo ana shughuli zake mjini. Toeni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, anayejua kila mlango na lugha ya nyumbani, hata kama neno moja la Kiingereza hana. Mgeni kafundishwa Kiswahili kwa sababu hiyohiyo. Na kwenye mkutano mkuu wa kwanza, mganga mfawidhi wa zahanati asimame mwenyewe aseme kwamba mgeni huyu hatibu, na homa ni kwenda kupima palepale zahanati. Volontia akijisemea mwenyewe, watu wanadhani ni unyenyekevu.